Uboho nao huzeeka, lakini upungufu wa damu kwa mzee si "uzee tu"



Katika Surat Maryam, Nabii Zakaria (AS) alipomuelezea Mola wake hali ya uzee wake, jambo la kwanza alilolitaja ni kudhoofika kwa mifupa yake, kisha ndipo akataja mvi. Mvi kila mtu anaziona. Lakini mifupa, na hasa kile kilichomo ndani ya mifupa, hakuna anayekiona kwa macho. Safu yetu leo inazungumzia hicho kilichomo ndani, yaani uboho, ambao wengine huuita uloto. Tutaeleza kazi yake, namna umri unavyoubadilisha, na namna wataalamu wanavyozichunguza seli zake.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya jambo linalotokea katika nyumba nyingi za Waislamu. Mzee anaanza kuchoka mapema. Anahema akipanda ngazi za msikiti. Akiinuka kutoka kwenye sijida anashikwa na kizunguzungu. Viganja vyake vimepauka na ndani ya kope zake za chini hamna wekundu. Watu wa nyumbani wanatazamana na kusema, "Ni uzee tu, umri umekwenda." Basi anaachwa mpaka siku anayoanguka. Je, ni kweli kwamba uzee peke yake hummaliza mtu damu? Ili kulijibu swali hili ni lazima kwanza tuujue uboho.

Uboho ni nini?

Uboho ni kitu laini kilichojaa ndani ya mifupa. Upo wa aina mbili. Uboho mwekundu ndio kiwanda cha damu. Uboho wa manjano kwa sehemu kubwa ni mafuta. Mtoto anapozaliwa, karibu mifupa yake yote imejaa uboho mwekundu. Kadiri anavyokua, ule wa mikononi na miguuni hugeuka polepole kuwa wa manjano. Mtu mzima hubakiwa na uboho mwekundu katika nyonga, pingili za uti wa mgongo, mfupa wa kifua, mbavu, fuvu, na ncha za juu za mifupa ya mapaja na ya mikono. Anayechinja udhhiya anaweza kuliona jambo hili mwenyewe. Apasue mfupa mrefu wa ndama na ule wa ng'ombe mzee, kisha alinganishe rangi.

Hapa tuondoe utata mmoja. Watu wengi huchanganya uboho na ile kamba ya mishipa ya fahamu inayopita katikati ya uti wa mgongo. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Uboho hutengeneza damu. Kamba ile hupeleka taarifa baina ya ubongo na viungo. Kipimo cha uboho hakigusi kamba hiyo, na tutalirudia jambo hili mbele kwa sababu linawatia watu hofu.

Kazi ya uboho mwekundu ni kubwa ajabu. Chembechembe nyekundu za damu, zinazobeba hewa ya oksijeni, huishi kwa siku 120 hivi kisha hufa. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, huishi kwa siku 7 hadi 10. Baadhi ya chembechembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, hazimalizi hata siku chache. Zote hizi ni lazima zipate badala yake. Hivyo, uboho wa mtu mzima mwenye afya hutengeneza chembechembe nyekundu zipatazo bilioni 200 kila siku, yaani zaidi ya milioni 2 kwa kila sekunde. Kazi hii haisimami mtu anapolala, anaposwali wala anapofunga. Subhana'llah.

Wanasayansi walijuaje?

Kwa karne nyingi matabibu, tangu Galen wa zama za Warumi hadi Ibn Sina, waliamini kwamba damu hutengenezwa katika ini. Hawakukosea kwa kila upande, kwa kuwa mtoto anapokuwa tumboni mwa mama yake, ini lake ndilo linalotengeneza damu kwa miezi kadhaa kabla ya uboho kuichukua kazi hiyo. Lakini kwa aliyekwisha zaliwa, kiwanda kiko ndani ya mifupa. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1868 na Ernst Neumann wa mji wa Königsberg, ambaye aliukamua uboho wa sungura na wa binadamu akautazama kwa hadubini. Mwaka huo huo, Giulio Bizzozero wa Italia alifikia matokeo kama hayo kwa njia yake.

Ilibaki shida ya namna ya kuupata uboho wa mtu aliye hai. Mwaka 1927 daktari wa Kirusi, Mikhail Arinkin, alionesha kwamba unaweza kuvutwa kwa sindano kutoka kwenye mfupa wa kifua bila kumfanyia mgonjwa upasuaji mkubwa. Tangu hapo uchunguzi wa uboho ukawa ni jambo la kawaida hospitalini.

Hatua nyingine kubwa ilikuja mwaka 1961 mjini Toronto, Kanada. James Till na Ernest McCulloch waliwapiga panya mionzi iliyoua uboho wao, kisha wakawadunga seli za uboho wa panya wazima. Baada ya siku kama 10 waliona vinundu kwenye bandama za panya wale, na baadaye ikathibitika kwamba kila kinundu kimetokana na seli moja tu iliyozaana. Huo ukawa ni ushahidi kwamba ndani ya uboho zipo seli chache zenye uwezo wa kuzaa aina mbalimbali za chembechembe za damu, na pia kuzaa seli nyingine mfano wao. Leo zinaitwa seli shina, kwa kuwa ni kama shina linalotoa matawi. Juu ya msingi huo ndipo yakajengwa matibabu ya kupandikiza uboho, ambayo yalimpatia Dk. E. Donnall Thomas wa Marekani tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Umri unavyoubadilisha uboho

Sasa tuje kwenye uzee. Badiliko la kwanza ni mafuta kuongezeka. Wataalamu wana kanuni nyepesi ya kukadiria: chukua 100 utoe umri wa mtu, utapata takriban asilimia ya sehemu ya uboho iliyojaa seli za kutengeneza damu, na inayobaki ni mafuta. Kijana wa miaka 20 huwa na asilimia kama 80, na mzee wa miaka 70 asilimia kama 30. Haya ni makadirio tu, na watu hutofautiana.

Mafuta haya yanatoka wapi? Ndani ya uboho kuna seli nyingine ambazo zinaweza kugeuka kuwa mfupa au kuwa mafuta. Ujanani nyingi huelekea kwenye mfupa. Uzeeni mwelekeo hugeuka na nyingi zikawa mafuta. Ndiyo maana mara nyingi uboho kujaa mafuta na mfupa kuwa mwepesi huenda pamoja, hasa kwa kina mama waliokoma hedhi. Nabii Zakaria (AS) alizungumzia udhaifu wa mifupa, na elimu ya leo inatuonesha kwamba udhaifu huo una upande wa nje na upande wa ndani.

Badiliko la pili ni la seli shina zenyewe. Mtu angedhani kwamba uzeeni zinapungua idadi. Uchunguzi umeonesha kinyume: idadi yake aghalabu huongezeka, lakini uwezo wa kila moja hupungua. Seli shina za panya mzee zikipandikizwa kwa panya kijana, hazijengi damu kwa ufanisi kama za kijana. Tena huegemea upande mmoja, zikazaa zaidi aina fulani za chembechembe nyeupe na kupunguza zile zinazojifunza kuwatambua wadudu wa maradhi na kuwakumbuka.

Badiliko la tatu ni makosa ya kunakili. Kila seli inapogawanyika ni lazima inakili vinasaba vyake, na baada ya miaka mingi makosa madogo madogo hujikusanya. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022 uliwachunguza watu 10, kuanzia watoto wachanga hadi mzee wa miaka 81. Ulikuta kwamba kila seli shina ya damu hujiongezea makosa yapatayo 17 kwa mwaka. Walio chini ya miaka 65 damu yao ilitokana na seli shina nyingi sana, kati ya 20,000 na 200,000. Lakini kwa wenye miaka 75 na zaidi hali ilibadilika. Sehemu kubwa ya damu yao, kati ya asilimia 30 na 60, ilitoka katika koo chache za seli zipatazo 12 hadi 18. Kila ukoo ulianza na seli moja ambayo, kwa sababu ya kosa fulani katika vinasaba vyake, ilizaana kuliko wenzake. Koo hizo zilianza kukua miongo mingi nyuma, wakati mtu bado kijana.

Mfano wa kushangaza zaidi ni wa bibi wa Kiholanzi, Hendrikje van Andel-Schipper, aliyefariki mwaka 2005 akiwa na miaka 115. Mwishoni mwa maisha yake alitambuliwa kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote duniani, naye alikuwa ameusia mwili wake uchunguzwe kwa ajili ya elimu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kwamba zaidi ya nusu ya chembechembe nyeupe zake zilitokana na seli shina mbili tu. Pia ncha za nyuzi za vinasaba vyake, ambazo hupungua kila seli inapogawanyika, zilikuwa fupi mno katika damu kuliko katika ubongo. Hata hivyo, hakuwa na ugonjwa wa damu. Hapo pana somo kwetu: uboho wake ulizeeka hadi karibu na mwisho wa uwezo wake, na bado ulimtosheleza.

Je, ukoo mmoja wa seli kutawala ni ugonjwa? Tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2014 zilionesha kwamba hali hii hupatikana kwa zaidi ya mtu 1 kati ya 10 waliozidi miaka 70. Wengi wao hawaumwi. Lakini kila mwaka mtu kama 1 kati ya 100, au pungufu ya hapo, huingia katika saratani ya damu. Pia hali hiyo huongeza hatari ya maradhi ya moyo, kwa kuwa chembechembe nyeupe za ukoo ule hukorofisha mishipa. Kipimo chake si cha kila mtu, na mzee asiye na dalili hana haja ya kukitafuta.

Kinga ya mwili uzeeni

Kwa mabadiliko haya, na kwa kuwa tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua inayozifundisha chembechembe nyeupe husinyaa kadiri umri unavyokwenda, kinga ya mzee huwa dhaifu. Nimonia humshika kwa urahisi. Kifua kikuu kilicholala tangu utotoni kinaweza kuamka. Chanjo nazo humkinga, ila si kwa nguvu ile ile ya kijana. Anayejiandaa kwenda Hijja asingoje siku za mwisho kuchanja, bali achanje mapema ili mwili upate muda wa kujenga kinga.

Usafi ambao dini yetu imeusisitiza una faida kubwa zaidi kwa mzee kuliko kwa yeyote. Kuosha mikono, kusafisha kinywa kwa mswaki, kuosha kidonda kidogo cha mguu kabla hakijawa kikubwa, na kumtenga mwenye kikohozi na chumba cha mzee, yote haya humsaidia askari aliyechoka.

Basi kwa nini tuseme si uzee tu?

Hapa ndipo kiini cha makala yetu. Uboho wa mzee umepungua, lakini katika hali ya kawaida bado unatosha kuendesha mwili. Unachopoteza ni akiba. Mfano wake ni duka ambalo stoo yake imepungua: biashara inaendelea vizuri, ila wateja wengi wakija kwa mpigo ndipo upungufu unaonekana. Kwa hiyo mzee akiishiwa damu, aghalabu kuna kitu kimekuja juu ya uzee, nacho kitafutwe.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtu ana upungufu wa damu iwapo hemoglobini yake iko chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito na chini ya 13 kwa mwanamume. Nchini Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 uliwaangalia watu wa miaka 65 na kuendelea, ukakuta upungufu wa damu kwa mtu kama 1 kati ya 10. Maana yake ni kwamba 9 kati ya 10 hawakuwa nao, pamoja na uzee wao. Na kwa wale waliokuwa nao, theluthi moja ilitokana na lishe au kupoteza madini ya chuma, na theluthi nyingine ilitokana na maradhi sugu au figo. Theluthi iliyobaki sababu yake haikuonekana wazi, na baadhi yao walikuwa na dalili za uboho wenyewe kuharibika. Hivyo, kwa walio wengi kulikuwa na sababu inayotajika, na nyingi hutibika.

Katika mazingira yetu sababu za kuziangalia ni hizi:

Kwanza ni damu inayopotea kidogo kidogo. Wazee wengi wana maumivu ya magoti na mgongo, na hununua diklofenaki au aspirini dukani wakazimeza miezi na miezi. Dawa hizi zinaweza kutoboa tumbo likavuja damu kimya kimya. Choo cheusi kama lami ni dalili ya hatari. Saratani ya utumbo nayo huvuja damu. Na wapo minyoo ya safura, ambao huingia kupitia ngozi ya miguu kwa anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, kisha hunyonya damu tumboni.

Pili ni lishe. Tumbo la mzee halifyonzi vizuri vitamini B12, ambayo hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Wenye kisukari wanaotumia dawa ya metformin kwa miaka mingi wako katika hatari zaidi. Ukosefu wake huleta upungufu wa damu pamoja na ganzi miguuni na usahaulifu, na familia hudhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Ni vyema mtu asijinunulie vidonge vya asidi ya foliki akajitibu mwenyewe. Vinaweza kuifanya damu ionekane imepona huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12.

Tatu ni maradhi sugu. Figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamrisha uboho utengeneze chembechembe nyekundu. Figo zikichoka kwa shinikizo la damu au kisukari, uboho hukosa amri hiyo. Kifua kikuu, UKIMWI na maradhi mengine ya muda mrefu nayo huukandamiza uboho.

Nne ni sumu na dawa. Kloramfeniko, dawa iliyotumika sana zamani kwa homa ya matumbo, hujulikana kuwa inaweza kuua uboho wa watu wachache. Benzini iliyomo kwenye petroli nayo ni adui wa uboho kwa anayeivuta au kuichezea kila siku. Wale wanaonyonya petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira waache tabia hiyo.

Tano ni maradhi ya uboho wenyewe, nayo huwapata zaidi wazee. Yapo yale ambayo uboho hujaa seli, lakini seli hizo zina kasoro na hufa kabla ya kutoka nje. Ipo saratani ya damu ya aina mbalimbali. Na ipo mayeloma, saratani ya seli zinazotengeneza kinga, ambayo takwimu za Marekani zinaonesha huwapata watu weusi kama mara mbili zaidi ya weupe. Mayeloma hula mifupa. Mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, upungufu wa damu na figo zinazodhoofika kwa pamoja asiishie kuchuliwa na kupewa dawa za maumivu, apelekwe hospitali ya rufaa.

Kipimo cha uboho

Kwanza daktari huanza na damu ya kawaida: wingi wake, umbo la chembechembe, figo, na choo. Mara nyingi jibu hupatikana hapo. Likikosekana, au ikionekana kwamba kiwanda chenyewe kina tatizo, ndipo hupima uboho.

Mgonjwa hulala ubavu. Mahali pa kuchoma ni nyuma ya nyonga, kwenye mfupa unaoonekana juu ya makalio, mbali na kamba ya mishipa ya fahamu. Ngozi husafishwa kwa dawa, ganzi hudungwa, kisha sindano nene huingizwa kwenye mfupa. Ganzi hufisha ngozi na uso wa mfupa, lakini uboho unapovutwa mgonjwa huhisi maumivu makali ya sekunde chache. Ni vizuri aambiwe ukweli huu mapema. Zoezi lote ni kama nusu saa. Kinachovutwa ni mililita chache, nazo mwili huzirudisha. Hakuna anayemalizwa uboho wala kupooza kwa kipimo hiki. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla.

Uboho hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi, ukiwemo wino ule ule wa Giemsa unaotumika kutafuta wadudu wa malaria, kisha mtaalamu huhesabu seli kwa hadubini. Hapa umri wa mgonjwa ni jambo la lazima kuandikwa. Uboho wenye asilimia 30 ya seli kwa mzee wa miaka 70 ni wa kawaida, bali kwa kijana wa miaka 20 ni dalili kwamba uboho unakufa. Kinyume chake, mzee wa miaka 75 mwenye uboho uliojaa seli asilimia 90 anahitaji kuchunguzwa zaidi. Kwa hiyo familia zisikadirie umri ovyo hospitalini. Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani, taja tukio lililo karibu na kuzaliwa kwake.

Twahara na ibada

Wagonjwa wengi huuliza kuhusu wudhu na kidonda. Mahali palipochomwa hufunikwa kwa bandeji na hutakiwa pawe pakavu kwa siku nzima. Bahati njema, sehemu hiyo si miongoni mwa viungo vya wudhu, hivyo mgonjwa anaweza kutawadha bila kuilowesha. Akihitaji josho, amuulize mwanachuoni juu ya kupaka juu ya bandeji na kutayamamu. Damu iliyotoka hapo, kwa madhehebu ya Shafii, haitengui wudhu, na kwa Hanafi damu inayochuruzika hutengua. Lililo wazi kwa wote ni kuisafisha damu mwilini na nguoni. Mzee anayeona kizunguzungu akiinuka aswali amekaa mpaka apone. Dini yetu ni nyepesi, na kuanguka msikitini kunaweza kumvunja nyonga.

Katika Ramadhani, anayetumia vidonge vya madini ya chuma anaweza kuvimeza baada ya futari au wakati wa daku. Asivimeze na chai, kwa kuwa chai hupunguza madini hayo kufyonzwa. Chai isubiri saa moja au mbili baadaye. Anayeambiwa na daktari muaminifu kwamba funga itamdhuru, asione haya kuitumia ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Je, uboho unaweza kurudishwa ujana?

Siku hizi kuna wanaouza vidonge na vinywaji wakidai vinafufua seli shina na kumrudisha mzee katika ujana. Mpaka sasa hakuna dawa ya kumeza iliyothibitishwa kufanya hivyo. Wala supu ya makongoro haiendi moja kwa moja kwenye uboho wa anayeinywa. Husagwa tumboni kama chakula kingine chochote. Kuuza kitu kwa sifa isiyokuwa nacho ni ghushi, na muuzaji Muislamu analijua hukumu yake. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, isipokuwa uzee. Basi tusihangaike kuutibu uzee, tuyatibu maradhi yanayojificha ndani yake.

Upandikizaji wa uboho wa kweli upo, nao ni matibabu mazito ya hospitali. Hapa Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Hata huko wachangiaji wanaopendelewa ni vijana, kwa sababu hizo hizo za umri tulizozieleza.

Kilicho mikononi mwetu ni hiki. Mzee apimwe wingi wa damu walau mara moja kwa mwaka, na apimwe haraka akianza kuchoka, kupauka, kuhema, kutokwa na madoa ya damu chini ya ngozi, kupungua uzito au kupata homa za mara kwa mara. Ale mboga za majani, maharage au kunde, samaki au mayai kadiri ya uwezo. Atembee, hata kwenda msikitini kwa miguu, na apate jua la asubuhi, kwa kuwa mfupa unaobebeshwa uzito hudhoofika polepole zaidi. Avae viatu. Dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, zipelekwe kwa daktari azione.

Na sisi watoto tukumbuke kwamba kuwatendea wema wazazi ni pamoja na kuwasindikiza hospitali na kungojea majibu pamoja nao. Mzazi anayeambiwa "ni uzee" hunyamaza, kwa sababu hataki kuwasumbua watoto wake. Tusimuache na ukimya huo mpaka damu yake imwishe.

Tunamuomba Allah (SW) awape wazee wetu afya na mwisho mwema, na atujaalie sisi kuwa wenye kuwahurumia. Amin. Wabillahi tawfiiq.